Edelmira na Mchezo wa Kutoa Bila Kupokea

Kila mwaka, kuanzia siku ya kwanza ya novena, zile siku tisa za sala kabla ya Noeli, hadi mkesha wenyewe, Edelmira Ocampo hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwa mtu. Muuza duka aliweka chenji yake juu ya kaunta. Jirani aliyemletea limau aliliacha dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mchezo, na Edelmira aliishika sheria hiyo kama watu wengine wanavyoshika Amri za Mungu.

Watu wa mji wa Quimbaya, kama watu wote wa milima ya kahawa iliyouzunguka, walikuwa na michezo yao ya Desemba. Wapo waliocheza kusema bila kujibu. Wapo waliocheza unyasi mdomoni, ukikutwa huna kipande cha unyasi kati ya meno, umeshindwa. Na wapo waliocheza kutoa bila kupokea: wawili wanapatana, kisha kila mmoja anamtegea mwenzake ajisahau, anyooshe mkono, apokee. Akishapokea tu, mwenzake anapiga kelele, "Zawadi yangu!" na aliyeshindwa anadaiwa zawadi ya Krismasi. Wengi walicheza na mchumba au na binamu. Edelmira alicheza na mtaa mzima, na mtaa mzima haukumweza.

Argemiro kinyozi ndiye aliyejitahidi kupita wote. Mwaka mmoja alikuja mbio na kuku mikononi.

"Bi Edelmira, mshike huyu, mshike! Ananiponyoka!"

"Mwache aponyoke," alisema Edelmira, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi wake. "Kwani kuku ni wangu?"

"Jamani, mwanamke huyu! Siku ya kufa, malaika akikunyooshea mkono utamwambia auweke mezani?"

"Nitamwambia anawe kwanza, kama na yeye anatoka kunyoa watu."

Mtaa ukacheka, na Argemiro akaenda kumkimbiza kuku wake.

Mwenye kumjua Edelmira kwa mchezo huo peke yake hakumjua. Mikono ile isiyopokea ilikuwa ikitoa mwaka mzima. Ndiye aliyefundisha nusu ya wanawake wa mtaa kutengeneza makandili ya kadibodi iliyokatwa michoro, ya tarehe saba Desemba, usiku wa mishumaa ya Bikira Maria, pale kila barabara inapowasha makandili yake na kushindana na barabara ya pili. Gundi aliipika kwa wanga wa muhogo, akatia karafuu mbili ili mende wasije kuitafuna kadibodi. Ndani ya kandili aliweka kiganja cha mchanga, mshumaa usimame wima na upepo usiliangushe. Kuzunguka utambi alinyunyiza chumvi kidogo, nta iyeyuke polepole. Vipande vya mishumaa vilivyobaki havikutupwa: vilisuguliwa kwenye droo zinazokwama. Maganda ya machungwa yalianikwa juu ya jiko, yakawa ya kuwashia moto. Sufuria ya shaba ya kupikia natilla, ule uji mzito wa mahindi, maziwa na sukari guru unaoganda kwenye sahani, aliisugua kwa majivu na limau mpaka ukajiona sura.

Na hakumpa mtu kitu cha dukani, kamwe. "Cha dukani umetoa pesa," alikuwa akisema. "Cha mkono umetoa siku zako." Ni kweli, na afadhali watu wa siku hizi wangeambiwa hivyo kila Desemba. Lakini ukweli nao una ukali, na Edelmira hakuwa mtu wa kuupunguza makali.

Aliyekatwa na ukali huo kwanza ni Ligia, mdogo wake wa pekee. Walilelewa pamoja, wakazika wazazi pamoja, na kwa miaka mingi makandili ya mlango wao yalikatwa na mikono minne. Kisha Ligia akaenda mji mkubwa wa Cali, akapata kazi katika kiwanda cha kushona mashati. Desemba ya kwanza alituma kwa dereva wa jipu la abiria kifurushi kilichofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na kandili la plastiki lenye betri. Ukibonyeza, linawaka, tena linabadili rangi.

Edelmira alilitazama, akalirudisha kwenye karatasi yake, akamkabidhi dereva yule yule.

"Mrudishie. Mwambie huku kwetu bado tuna mikono."

Dereva alifikisha maneno kama yalivyo. Madereva hawapunguzi maneno, huongeza. Tangu siku hiyo Ligia hakuandika wala hakuja. Desemba zikapita bila yeye. Kila tarehe saba Edelmira aliwasha makandili peke yake, na mtu akimwuliza habari za mdogo wake alijibu, "Yuko salama," ingawa hakujua kama yuko salama. Kila jipu likisimama uwanjani alikuwa akitupa jicho. Majirani waliona. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu, Ligia arudi, na hilo hakulisema kwa mtu.

Basi akarudi.

Ilikuwa alasiri, katikati ya novena. Zamu ya sala siku ile ilikuwa nyumbani kwa Edelmira, na wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa jikoni, wengine wakikanda maandazi ya jibini, wengine wakipokezana mwiko wa natilla. Argemiro alikuwa mlangoni, akingoja kuonja. Ligia akaingia na vumbi la safari, amekonda, ameshika mbele yake, kwa mikono miwili, kandili la kadibodi.

Jiko zima likamgeukia. Edelmira alifuta mikono kwenye aproni.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, dada. Najua tarehe saba imepita. Kiwandani hawakunipa ruhusa." Akanyoosha mikono. "Nimelitengeneza mwenyewe. Chukua."

Edelmira alipiga hatua moja. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuinuka, wote waliokuwepo wanakubali hivyo. Hapo Argemiro, ambaye hakuwa na ubaya moyoni ila hakuwa na breki mdomoni, akasema kwa sauti ya furaha, "Haya! Leo ndiyo leo! Leo Bi Edelmira anapokea!"

Mikono ikashuka.

Kilichomshusha mikono kilikuwa cha zamani. Edelmira alishindwa mara moja tu katika maisha yake yote, akiwa msichana wa miaka kumi, na aliyemshinda alikuwa Ligia. Ligia mdogo aliingia akilia machozi ya kweli, ameshika kifaranga viganjani. "Sichezi, dada, amekufa, mshike uone." Edelmira akampokea kwa huruma. Kifaranga akafumbua macho, na Ligia akaruka: "Zawadi yangu! Zawadi yangu!" Mama yao alicheka hadi akakaa chini. Edelmira alilipa, alimshonea mdogo wake mwanasesere wa maganda ya mahindi, lakini aliapa kuwa machozi hayatamdanganya tena.

Sasa akamwona Ligia mbele yake, mikono imenyooshwa, macho yameanza kulowa, na nyuma yake mtaa mzima unangoja.

"Weka mezani," alisema, akitabasamu.

"Sichezi, Edelmira."

"Hata siku ya kifaranga ulisema huchezi."

Mwanamke mmoja akacheka, akajizuia. Ligia hakushusha mikono. Mikono yenyewe ilikuwa ikitetemeka. Cherehani za kiwandani zilikuwa zimeila mishipa yake, lakini jikoni mle hapakuwa na aliyelijua hilo.

"Nimepanda gari tangu alfajiri," Ligia alisema. "Dada, nakuomba. Pokea."

"Weka mezani, mdogo wangu, nawe ukae ule. Sheria ni sheria. Hata ningekuwa mgonjwa nisingekupa ushindi."

Aliyasema kwa upendo. Hilo lisifichwe, maana alikuwa na furaha kubwa kuliko siku yoyote ya miaka ile, na alidhani Ligia anairudisha furaha ya utotoni kwa mlango ule ule. Alidhani wanacheza. Ligia naye alidhani anarudishiwa kifurushi kwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu.

Akaweka kandili mezani, kati ya unga na jibini. "Kumbe bado mna mikono," alisema, akageuka, akapita kando ya Argemiro, akatoka.

"Atarudi," Edelmira aliwaambia wageni. "Ameudhika kwa kushindwa. Tangu utotoni ndivyo alivyo."

Akakoroga natilla kidogo. Kisha akaenda mezani, akalichukua lile kandili, maana kutoka mezani sheria iliruhusu. Aliligeuza. Gundi ilikuwa ya muhogo. Alinusa, akasikia karafuu. Ukataji ulikuwa mbaya, kingo zimechanika kama zimekatwa na mtoto, sehemu mbili zimezibwa kwa viraka. Lakini mchoro ulikuwa ule wa ndege mvumaji na ua la kahawa, mchoro wa mama yao, ambao una mikato midogo midogo isiyohesabika. Mkono unaotetemeka hauwezi kuukata kwa siku moja, wala kwa wiki.

Edelmira akaufahamu uzito wa alichokikataa. Alitoka na aproni yake, natilla ikaachwa ikaungulia sufuriani, na hilo halikuwahi kutokea nyumbani mle. Alipofika uwanjani, jipu la kupeleka abiria kwenye basi la Cali lilikuwa limekwisha kuondoka. Argemiro alikuwa amemfuata. Alivua kofia.

"Ni mimi, Bi Edelmira. Mdomo wangu huu."

"Mdomo ulikuwa wako," alisema Edelmira. "Mikono ilikuwa yangu."

Baada ya Krismasi alipika natilla nyingine, akaimimina kwenye sahani bora ya nyumba, akaifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, akaituma Cali kwa dereva. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu; ukikosa kila kitu, unaweka hata ndizi moja, hata jani la mnanaa. Sahani ilirudi mwezi wa pili. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu.

Edelmira hakucheza tena. Desemba zilizofuata alipokea kila alichopewa, limau, chenji, hata kuku wa Argemiro, na hakuna aliyepiga kelele kudai zawadi. Aliendelea kufundisha gundi na mchanga na chumvi ya utambi, na leo katika mtaa ule, ambako vijana wengi hununua makandili yaliyokatwa kwa mashine, bado wapo mabibi wachache wanaotia karafuu mbili bila kujua nani aliwafundisha mama zao.

Kutoa ni moyo, walisema wahenga, na moyo wa kutoa Edelmira alikuwa nao tele. Kupokea nako ni moyo, na huo hakujifunza mapema. Mtu asiyekubali kupewa humnyima mwenzake heshima ya kuwa mtoaji, na hilo ni kosa hata likifanywa kwa kicheko, hata likifanywa kwa jina la sheria.

Ligia hakurudi tena; alifariki Cali kwa ugonjwa wa mapafu. Habari zilifika Quimbaya baada ya mazishi. Edelmira aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiheshimiwa na mtaa mzima. Mchezo mmoja wa Desemba, alioushinda, ulimgharimu ndugu pekee aliyekuwa naye.