Bidoni Chini ya Viti

Murhula alikuwa fundi wa sufuria pale Ndosho. Siku aliyorudi nyumbani Kyeshero, kando ya ziwa, na mashua ndogo ya alumini, kuukuu, yenye tundu ubavuni, jirani yake Zihindula, mvuvi, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ee Papa Christa! Hiyo utavulia samaki sambaza ao utazikaangia?"

"Cheka tu."

"Mtumbwi wangu ni mbao. Ukivunjika, mbao inabaki juu, nashika. Sufuria yako ikijaa maji, inashuka na mwenyewe."

Neno hilo lilimkaa Murhula kooni. Aliziba tundu kwa kipande cha bati, akainua ubavu ili wimbi lisiingie. Chini ya viti akatengeneza masanduku, ndani akapanga bidoni tupu za manjano, zile za kutekea maji, ndani pumzi tu. Christa, binti yake, alikata mipira myekundu ya tairi, wakakaza nayo kila kifuniko, kisha wakafunga masanduku kwa waya.

"Hii ndiyo mbao yetu," Murhula alimwambia. "Hata ikijaa, haizami."

Kila jioni mashua ililala uani, imepinduliwa karibu na jiko, maana ufukweni wezi wangeikatakata wauze vipande.

Kisha vita ikafika Sake, barabara ya Minova ikafungwa, ikabaki njia ya ziwa tu, na Christa alikuwa Minova kwa nyanya yake. Murhula akaanza kuhangaikia mafuta ya mashine ya mashua. Nyumbani wakajaa jamaa za mke wake Apolline, wakimbizi, wamama na watoto. Bomba zikakauka. Maji yakawa ya ziwa, na mutu bila bidoni alikuwa mutu bila maji. Apolline alikuwa na moja tu, inavuja.

Asubuhi hiyo watoto walilia kiu. Murhula alikuwa Ndosho kutafuta mafuta. Apolline akatazama mashua.

"Nitazirudisha mbele ya yeye kurudi," alijiambia. Akafungua waya wa masanduku, akatoa bidoni zote, akakaza waya vilevile, akashuka ziwani na wamama wenzake.

Aliporudi, mgongo umepinda kwa maji, mahali pa mashua palikuwa mawe matupu.

"Nyanya ya Christa alipiga simu," waliobaki nyumbani wakamwambia. "Risasi ziko Minova. Papa amepata mafuta, amekwenda kumuleta."

 Apolline alimwaga maji yote palepale, watoto wakimtazama, akakimbia na bidoni zikigongana mgongoni. Alipofika ufukweni, mashua ilikuwa kitone tu mbali ziwani. Aliita. Mashine ilimeza sauti yake.

Jioni mtumbwi wa Zihindula ulifika. Ndani alikuwemo Christa, amefunikwa kitenge cha mutu mwingine. Zihindula hakucheka. Hakumtazama Apolline machoni.

"Tulimtafuta, Mama Christa. Tulimtafuta sana."

Nyumbani Christa alizungumza akitazama chini. "Watu waliingia wengi. Papa hakukataza. Alisema, ingieni, hii haizami. Maji yalipojaa, alituambia tushike tu viti. Mama, wezi waliiba bidoni. Papa alifungua waya, ndani hamukuwa na kitu. Mtumbwi wa Papa Zihindula ulipokaribia, akanisukuma ndani yake."

"Kunywa kwanza, mwanangu," Apolline alisema. Jamaa walikuwa wameteka maji tena. Alivuta bidoni, akamimina kikombe.

Christa alikipokea. Macho yake yakafuata mkono wa mama ukirudisha kifuniko, na mpira mwekundu uliokuwa bado shingoni mwa bidoni.

Akakiweka kikombe chini, hakunywa.