Jicho la Kulia, na Asijue Mtu

Fundi mmoja wa kutengeneza cherehani alikuwa na swali moja tu la kuishi nalo, na kwa ajili ya swali hilo watu wakasahau jina lake. Ukimwambia cherehani imeharibika yenyewe, "Nani kasema?" Ukimwambia leo mvua itanyesha, "Nani kasema?" Siku ya ndoa yake, mchungaji alipotangaza kwamba sasa hawa ni mume na mke, waliokaa viti vya mbele wanaapa mpaka leo kwamba waliona midomo ya bwana harusi ikicheza. Basi akawa Nanikasema, na jina likamkaa kama koti la kupimiwa.

Lakini kwa kazi, jamani, mvulieni kofia. Alipanga chumba chembamba katikati ya duka la fotokopi na chumba cha mama mmoja mshonaji aliyesifika kwa sketi za marinda, ambaye kila mtu alimwita Mama Marinda. Cherehani ikiletwa, Nanikasema hakuitazama kwanza, aliisikiliza. Alizungusha gurudumu mara mbili, akalaza shingo, akasema, "Hii imeanguka. Nani kaiangusha?" Na mwenye mali, aliyekuwa ameapa nyumbani kufunga mdomo, anajikuta anamtaja mpwa wake. Wenye shule ndefu walikuwa tele mjini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kipaji hicho.

Kanisani hakukosa, na besi aliiimba mpaka madirisha yanatetemeka. Shida ilikuwa wakati wa ushuhuda. Dada mmoja akisimama kusema ameomba kazi na Mungu amempa, Nanikasema anamwinamia mkewe.

"Kaka yake si ndiye meneja pale?"

"Nyamaza, baba."

"Nauliza tu."

Kuomba aliomba, ila kama mtu anayejaribisha cherehani ya kuazima: anakanyaga pedali kidogo, anasikiliza, anakanyaga tena.

Sasa likaja la jicho. Jicho la kulia, ndilo jicho lake la kazi, lilianza kufunga kutoka pembeni. Kwanza hakuona mlango akiwa anatazama meza. Baadaye hakuona ukingo wa meza. Mwisho ikawa kila kitu anakichungulia kama kupitia tundu la bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi. Na kazi yake, kwa wasiojua, roho yake iko chini kabisa ya mashine, pale ncha ya sindano inapopishana na ndoano inayodaka uzi. Nafasi ya kupishana ni ya unene wa karatasi. Ikizidi, mshono unaruka. Ikipungua, chuma kinagonga chuma. Nanikasema akaanza kuipima kwa kidole, huku anapiga mluzi ili mteja asishtuke. Hata mkewe hakumwambia. Fundi akishajulikana haoni, nani atamletea mashine?

Kanisani kwao palikuwa na sanduku. Mwenye haja aliandika kikaratasi bila jina, akakitumbukiza. Jumatano kikundi cha maombi kinafungua, kila mmoja anaondoka na kikaratasi kimoja, anakiombea wiki nzima. Nanikasema alilichunguza sanduku lile Jumapili tatu. Alitaka kujua ufunguo unakaa kwa nani. Ya nne akajitosa. Aliandika dukani kwake kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane, kwenye kadi iliyokuwa mezani: "Bwana, nirudishie jicho la kulia. Na asijue mtu." Akalala usingizi wa mtu mwerevu.

Jumatano sanduku likafunguliwa, na wiki iliyofuata mambo yakaanza kujipanga vizuri kupita kiasi.

Jumatatu Mama Marinda aliingia na taa ya meza yenye shingo ndefu. "Shemeji, taa hii imezidi kwangu. Nikuwekee hapa?"

"Imezidi kivipi? Jana ulikuwa unalalamika giza."

"Jana ilikuwa jana," akasema, akaichomeka, akaondoka.

Jumanne akatokea mwalimu mmoja mstaafu, mwimbaji mwenzake wa besi, eti amepita kupumzika. Alikaa kwenye benchi, akachukua kitabu cha vipuri, akaanza kusoma namba zile ndogondogo kwa sauti, kama anasoma orodha ya waliofaulu.

"Mwalimu, hizo namba zinakuhusu nini?"

"Napenda hesabu."

Alhamisi cherehani tatu zikaletwa zikiwa zimeshatungwa uzi. Miaka ishirini na sita ya kazi, hakuna aliyewahi kumletea mashine iliyotungwa uzi!

Mtu mwingine angesema asante Mungu. Nanikasema alisema, "Kuna njama." Akapiga hesabu zake usiku na mchana, akapata jibu: Mama Marinda anataka chumba hiki. Anataka kubomoa ukuta wa katikati, apanue. Mwalimu amewekwa kumpeleleza. Na sala yake yeye? Sala ilikuwa bado haijaguswa, kwa sababu jicho lilizidi kufunga. "Umeona?" akamwambia mkewe, bila kumwambia aone nini. "Ukinyamaza kidogo tu, watu wanakuzunguka."

Ijumaa adhuhuri akatega mtego. Alitangaza kwa sauti ya mnadani kwamba anakwenda kununua mafuta ya mashine, akatoka kwa mbwembwe, akazunguka uani, akaweka jicho lake zima kwenye ufa wa mlango wa nyuma.

Haikupita dakika tano, Mama Marinda kaingia, mwalimu nyuma yake. Nanikasema akakaza taya. Sasa wataanza kupima ukuta.

Hawakupima ukuta. Mama Marinda alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mashine zilizopona, zinazosubiri wenyewe. Akaivuta ile aliyoimaliza Nanikasema asubuhi, akailaza, akazungusha gurudumu polepole. Ka! Sindano ikagonga chuma.

"Na hii pia?" mwalimu akauliza.

"Na hii. Ya nne wiki hii." Akachukua bisibisi, akalegeza, akasogeza kidogo, akakaza. "Nilimtazama miaka kumi na mbili akizifanya. Sidhani kama alijua natazama."

Nanikasema aliuachia ufa. Nne! Yeye aliyekuwa akisikiliza chuma na kujua nani kakiangusha, ametoa mashine nne zinazogonga, na hakusikia, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi. Akausukuma mlango.

"Kwa hiyo mnanichezea mchezo."

Mwalimu aliketi haraka. Mama Marinda hakushtuka. Aliweka bisibisi chini, akatoa mfukoni kikaratasi alichopewa Jumatano kwenye kikundi cha maombi: kadi ya kaki yenye tundu na kamba, ile ile ambayo Nanikasema huifunga kwenye kila mashine ya mteja. Ilikuwa na alama ya dole gumba, ya grisi, wazi kama muhuri wa serikali.

"Shemeji, kanisa zima lina mtu mwingine mwenye kadi hizi?"

Alitazama kadi. Mkono wa kushoto aliukumbuka; kadi aliisahau. "Niliandika asijue mtu."

"Na hilo nililiombea pia. Ndilo nililoshindwa."

"Mimi nilimwomba Mungu! Sikukuomba wewe."

"Na mimi nilimwomba Mungu. Siku tatu nimepiga magoti, arudishe jicho. Siku ya nne ikarudi mashine yangu kutoka kwako, nikaikanyaga, ikagonga. Nikakaa nikaitazama. Nikajiambia, mama, wewe unaendelea kuomba nini wakati unajua kushika bisibisi?"

"Kwa hiyo wewe ndiye jibu."

"Nani, mimi? Acha kunikuza. Sijui jibu ni lipi. Najua hospitali ya macho daktari anakuwepo Jumanne, na wewe hujaenda."

Hapo ndipo alipomgusa penyewe. Maana Nanikasema hakwenda hospitali akajiambia anamwachia Mungu. Kumbe aliogopa kuambiwa. Mungu, angalau, huwa hakuandikii cheti.

Jumanne alikwenda, mkewe amemshika mkono, ameshaambiwa yote na ameshamaliza kulia. Daktari, kijana mpole, alimtia dawa, akamulika, akamulika tena. Ni presha ya jicho, akasema. La kulia, kilichopotea hakirudi. La kushoto limeanza, lakini limewahiwa; atie dawa kila siku, bila kukosa, litadumu.

"Niliomba la kulia," Nanikasema akasema.

"Uliomba kwa nani, mzee?"

"Endelea na kazi yako, mwanangu."

Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda, na hakukanyaga kidogokidogo. Alilalamika waziwazi. Alisema alitaja jicho kwa jina, upande na kila kitu, na hakuelewa inakuwaje mtu anaomba hili anapewa lile. Akauliza kama la kushoto ni jibu au ni bahati. Hakupata sauti. Akatiwa dawa na mkewe, akalala. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Mkewe anasema hajawahi kumsikia akizungumza na Mungu hivyo, kama mtu anayejua kuna anayesikiliza.

Jumatatu mteja mmoja alikuja kuchukua cherehani yake, mama mwenye haraka.

"Fundi, imepona?"

"Imepona. Lakini nikwambie kabla hujaondoka." Mama Marinda, aliyekuwa mlangoni, akatazama viatu vyake. "Jicho langu la kulia halioni. Wakati wa kupanga sindano mimi nashika bisibisi, huyu hapa ananitazamia. Kama hutaki, kuna fundi mwingine barabara ya pili."

Yule mama alimtazama yeye, akamtazama Mama Marinda, akaitazama mashine. Akazungusha gurudumu mwenyewe, akalaza shingo.

"Haigongi," akasema.

"Haigongi."

"Basi Alhamisi nakuletea ya dada yangu. Yake imeanguka, ila usimwambie nimesema."