Pikipiki Iliyowazidi Wafiwa kwa Kilio

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Niliona tu kwamba vitu nilivyotaka kuvijua vilikuwa vinapita barabarani, na mimi nimekaa dirishani. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori la mchanga, nimeshika kamba kwa wachimba visima wa Mkuza, nimeuza miwani ya kusomea kwa watu wasiosoma, na kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa jambo linavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Maili Moja nilinaswa na pikipiki za umeme. Zilipita bila mlio, kama mtu anayetoka msikitini na viatu visivyo vyake. Nikataka kujua ndani mna nini.

Mwenye pikipiki hizo alikuwa mtu wa Moshi, wa makamo, mwenye fremu ya duka nyuma ya stendi. Alinikuta nimechuchumaa nachungulia chini ya mojawapo, akadhani mwizi. Nilimweleza kwamba natafuta injini. Alicheka mpaka akakaa, kisha akaniajiri. Alisema mwizi wa kweli angejua kwamba haina.

Kazi aliyonipa ilikuwa kuficha GPS. Ni kidude kidogo, kama kiberiti, chenye laini ya simu ndani. Kinatuma habari kwenye simu ya bosi, na kwenye ramani kinaonekana kama kitone chekundu. Pikipiki ikiibiwa, unafuata kitone. Kwenye simu hiyohiyo kulikuwa na vitufe viwili: cha kwanza kinazima mota hata kama mwizi yuko wilaya nyingine, cha pili kinaiamuru pikipiki ipige king'ora. Bosi alikuwa hajapata nafasi ya kuvitumia, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Shida ni kwamba hakumwamini mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Aliniambia nivifiche vidude mahali ambapo hata yeye asipajue, maana akijua ataropoka baa. Nikavificha. Kesho yake akataka kujua nimeficha wapi. Nilipokataa alikasirika, kisha akanisifu kwa kukataa. Halafu akaingiwa na hofu kwamba anayejua ni mimi peke yangu, akatia kidude kimoja kwenye mkoba wangu kwa siri. Nilikiona siku hiyohiyo, nikakifunga shingoni mwa jogoo wa mama ntilie wa jirani. Jioni bosi aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani, maana anaona nashinda jalalani.

Pikipiki aliwapa madereva bodaboda kwa mkataba. Unaleta hesabu kila siku, na muda ukiisha, kadi inabadilishwa jina, chombo kinakuwa chako. Sharti alilolipenda kuliko yote lilikuwa moja: chombo hakitoki Kibaha. Dereva akikitoa mwenyewe, mkataba unaanza upya, kana kwamba hajawahi kuleta hata senti. Asubuhi bosi alikaa na chai yake, simu mkononi, akisoma maisha ya watu. Huyu yuko kwa wakwe. Huyu amelala. Huyu anasema yuko Misugusugu na kweli yuko Misugusugu, kwa nini anasema ukweli, ana nini?

Miongoni mwao kulikuwa na dereva mmoja, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye familia, asiyependa maneno. Alikuwa amebakiza siku chache amalize mkataba. Ijumaa kadi ingesoma jina lake. Alikuwa ameanza kuiosha pikipiki asubuhi na jioni kama anayemwandaa bwana harusi, na watoto wake walishaipa jina. Kabla yake hakuna mtu kwao aliyewahi kumiliki kitu chenye kadi.

Jumanne, siku ambayo simu ya bosi ilirudi kutoka kwa fundi ilikokaa tangu Jumamosi, dereva huyo akaja kwa miguu. Alisimama mlangoni, akasema pikipiki imeibiwa. Aliingia kunywa supu, alipotoka hakuikuta.

Bosi alijitahidi kuonyesha huzuni. Akaifungua simu, na kitone kikaonekana Kisarawe, kijijini. Tukainamisha vichwa vyote vitatu. Kitone kilikuwa kinatembea taratibu sana, mwendo wa mtu anayetoka hospitali, na kilikuwa kinazunguka nyumba moja. Kilizunguka, kikasimama kidogo, kikazunguka tena.

"Mwizi gani huyu?" bosi akauliza. "Anatufu, yuko Makka?"

Akabonyeza kitufe cha kuzima mota. Simu ikajibu kwamba mota imezimwa. Kitone kikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba safari hii. Kitone kikazunguka. Nikamwona jasho linamtoka puani. Alisema hawa si wezi wa kawaida, hawa ni wataalamu, wameshaikata mota kwenye mtandao. Basi akabonyeza king'ora, akakishikilia kwa muda mrefu kama anayemminya mtu shingo. Kitone kikasimama. Bosi akavuta pumzi, akanywa chai yake.

Akaamua kwamba mimi na dereva tutangulie na pikipiki nyingine, tuwaone wezi kwa mbali, tusiwaguse. Yeye angefuata na gari, akimpitia mgambo. Nilimuuliza kuhusu sharti la kutotoka Kibaha. Akasema hii ni operesheni.

Tulipoiacha lami Kiluvya na kuingia barabara ya vumbi, dereva akasimamisha pikipiki chini ya mikorosho. Akashuka, akanieleza. Hakuna wizi. Mjomba wake alifariki Jumamosi, akazikwa Jumapili, na yeye alikwenda mazikoni na pikipiki, kwa sababu msiba wa mjomba hauendwi kwa kuomba ruhusa kwa Mchaga. Huko makaburini mtani akaishika.

Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Msiba ukiingia kwa mmoja, mwingine anakuja kufanya fujo: anamwigiza marehemu, analala mlangoni watu wasipite, anakamata mali ya wafiwa na kuiita yake. Wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika wala kunyang'anya. Unakomboa kwa kitu atakachotaka mtani, na mpaka ukomboe, kitu ni chake. Aliyeishika pikipiki alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, aliyeolewa kijijini pale zamani na kufiwa na mume. Dereva alimpa kuku, akamkataa. Akampa khanga, akajifunga, pikipiki hakuitoa. Alisema anaipenda kwa sababu imenyamaza kama marehemu mwenyewe.

"Nikimwambia bosi niliibiwa, mkataba unabaki," dereva akaniambia. "Nikimwambia niliipeleka mwenyewe, naanza upya. Sina nguvu za kuanza upya, mdogo wangu. Akifika kabla hatujaikomboa, nimekwisha."

Tulifika wakati wa kuanua tanga. Masufuria ya ubwabwa yalikuwa jikoni, wanaume barazani, wanawake kwenye mikeka uani. Pikipiki ilisimama katikati ya uwanja, na bibi ameketi juu yake upande, khanga ya dereva begani, kama ofisa aliyekuja kukagua. Ndipo nikaelewa kile kitone. Hakujua kuendesha, wala hakutaka kujifunza. Tangu asubuhi alikuwa akiwaamuru vijana wa Kizaramo wamsukume kuizunguka nyumba ya msiba. Mota ilizimwa kutoka Kibaha na hakuna hata mmoja aliyeona tofauti.

"Tangu lini mpagazi akabebwa?" mzee mmoja alikuwa akimrushia kutoka barazani.

"Babu zangu wamewabebea meno ya tembo mpaka hapa," bibi akajibu. "Leo ni zamu yenu, watumwa wangu. Sukumeni."

Tukamwamkia. Dereva akapiga magoti, akamwomba aseme anachotaka, chochote. Bibi akafikiri. Akasema alikuwa ameshaamua kuichukua moja kwa moja, mpaka hapo ilipolia. Ililia, wanangu, akasema. Watu wamemlilia huyu marehemu siku tatu na hakuna aliyefikia hata nusu. Kilio kirefu, hakipumui, hakisimami kupenga kamasi. Akafikiri juu ya msiba wake mwenyewe. Ndugu zake wako Tabora, hawatawahi. Huku amebaki na watani tu, nao watakuja kucheka. Basi ukombozi wake ni huu: tumlilie sasa hivi, yu hai, asikie. Tukiishinda pikipiki, tuichukue.

Akashuka, akalala kwenye mkeka, akajifunika ile khanga mpaka usoni.

Mwanzo tulilia vibaya. Mimi sikuwa namjua, kwa hiyo nililia kwa jumla. Bibi akatoa kichwa, akasema huyo wa Maili Moja anakohoa, aondolewe. Dereva akaanza tena, na safari hii alianza na mjomba wake, akaenda kwa mama yake, akafika kwenye Ijumaa yake, na hapo sauti ikafunguka. Wanawake wa uani, waliokuwa wamechoka kulia, wakapokea kwa sababu kilio kizuri hakiachwi peke yake. Wazee wakatoka barazani. Yule aliyemwita mpagazi alikuwa akilia kuliko wote, amejishika kiuno, akisema nani atamtukana tena. Sijui ni saa ngapi utani uliisha. Najua nilipogusa shavu langu lilikuwa limelowa.

Hatukusikia gari. Nilipoinua macho, bosi alikuwa amesimama pale uwanjani na mgambo wake, akitazama umati unaolia, pikipiki yake, na kando yake bibi aliyelala amefunikwa.

"Amepatwa na nini?" akauliza.

Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma tangu asubuhi akamjibu bila kupepesa kwamba bibi alikuwa juu ya pikipiki, pikipiki ikalia ghafla, sasa ndiyo hivyo. Mgambo akavua kofia.

Bosi akaitoa simu mfukoni, akaitazama kama kitu kilichomng'ata. Kisha akapiga magoti mavumbini na suruali yake ya kitambaa, mbele ya watu wote, akasema ni yeye. Alibonyeza. Alibonyeza mara nyingi. Hakujua kuna mtu mzima juu yake. Akasema gharama zote za mazishi ni zake, na ile pikipiki hataki kuiona Kibaha tena, dereva aichukue, mkataba umekwisha leo.

Kilio kilipungua kidogo kidogo, kwa sababu watu walitaka kusikia vizuri. Bibi akaifunua khanga, akakaa.

"Shikamoo," bosi akasema. Nadhani ni mdomo tu uliosema.

"Marahaba. Wote mmesikia mkataba umekwisha?"

Ikabidi bosi aelezwe, na huwezi kumweleza mtu utani bila kumweleza mazishi, wala mazishi bila kumweleza nani aliileta pikipiki. Kwa hiyo yakatoka yote. Nilimwona dereva akisikiliza ukweli wake ukitoka vinywani mwa watu wengine, ameinamisha kichwa. Bosi alisimama, akajipangusa magoti. Alikuwa amefanywa mjinga mbele ya kijiji kizima, na sharti lake alilolipenda lilikuwa limevunjwa na kukaliwa juu.

Mzee wa barazani akamuuliza kabila. Bosi akasema Mchaga. Watu wakaguna. Watani wa Wachaga ni Wapare, mtu mmoja akasema, je, hapa kuna Mpare? Hakukuwa na Mpare. Hapo hata bibi akaacha mzaha, kwa sababu mzaha na asiye mtani wako si mzaha tena, ni kosa. Akamgeukia bosi kwa adabu ambayo sikudhani anayo.

"Baba, wewe si mtani wangu. Una haki ya kukasirika. Nisamehe. Lakini huyu ni wangu, na nilimshikia chombo kwa haki. Usimwadhibu kwa mkono wangu."

"Maneno yale nilimwambia marehemu," bosi akasema. "Marehemu hayupo. Basi na maneno hayapo."

"Kama ni hilo tu, nisubiri kidogo, baba," bibi akasema. "Siko mbali."

Hakuna aliyecheka. Bosi alimtazama bibi, suruali yake bado ina vumbi la yale magoti. Halafu akaletewa sahani ya ubwabwa, akaipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye mkeka karibu naye, wakala pamoja. Aliponawa, akamwambia dereva bila kumtazama kwamba Ijumaa alete hesabu ya mwisho achukue kadi yake. Akaiwasha mota kutoka kwenye simu. Dereva alijaribu kusema asante, hakikutoka kitu. Alikuwa amemaliza sauti yote kwa bibi.

Nilirudi na gari la bosi; pikipiki tuliyokwenda nayo aliirudisha mgambo. Mbele yetu dereva alikuwa anaelekea Kiluvya, na bosi alikuwa ameshika simu pajani, akikitazama kitone kinavyokwenda huku pikipiki yenyewe tunaiona kwa macho. Baadaye akaniuliza kitone kinafutwaje. Nikamwonyesha. Simu ikamuuliza kama ana uhakika.

Kidole chake kilining'inia hewani. Kisha akanipa simu.

"Bonyeza wewe," akasema. "Mimi leo nimebonyeza vya kutosha."