Waya wa Gia Uliochomoka Njia ya Lingeka

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Bariadi, Fundi Mkuu hakunipa mkono, maana mikono yake ilikuwa imejaa grisi hadi viwikoni. Aliniangalia tu, akauliza, "Wewe ndiye Minza wa Mkula? Ingia chini ya gari lile uniambie linavuja nini." Nilikuwa na gauni la kanisani. Niliingia. Nilipotoka nikamwambia ni mafuta ya breki, naye akaagiza nitafutiwe ovaroli.

Alinifundisha injini kwa miaka minne, kwa ukali. Baadaye nikahamishiwa Maswa chini ya Msimamizi wa Magari, mtu aliyependa fomu kuliko magari, kisha nikarudishwa Bariadi kama fundi wa injini na giaboksi. Nilimkuta Fundi Mkuu akikaribia kustaafu. Juu yake sasa alikuwepo Meneja wa Karakana, mgeni kutoka Dar, mpole wa maneno, lakini simu kutoka juu zilimtia homa.

Jambo ninalotaka mafundi wa leo walisikie lilihusu gari la wagonjwa, basi dogo lililokufa injini. Ililetwa injini nyingine pamoja na giaboksi yake. Vyote viliingia vizuri. Tatizo lilikuwa nyaya za gia. Katika gari la aina hiyo, mkono wa gia anaoushika dereva haugusi giaboksi. Nyaya mbili hupita chini ya sakafu, kila mmoja ndani ya ala yake, mrija unaoufunika. Mmoja huchagua mstari wa gia, mwingine huiingiza gia yenyewe. Ala hushikiliwa na braketi, kishikio cha chuma, na ncha ya waya hubanwa kwenye kigololi kilichopo giaboksini.

Braketi ya giaboksi ile mpya ilikaa mbali na kigololi kwa upana wa kidole kuliko ya zamani. Nilipoweka gia huru, waya wa kuingizia haukufika. Nikauvuta kwa plaizi mpaka ukabana. Gia zote ziliingia, ila ya pili ilikuwa ngumu, na mkono wa gia ukawa unarudi wenyewe kidogo. Nilijua maana yake: waya ule ungeweza kuchomoka njiani.

Fundi Mkuu siku hiyo alikuwa Maswa. Meneja akaja.

"Mama Minza, gia zinaingia au haziingii?"

"Zinaingia, ila..."

"Basi gari litoke. Lingeka kuna mama mjamzito amekwama tangu alfajiri."

Ile "ila" nikaimeza. Niliomba tu nipande na dereva, Mzee Shigela, na sanduku langu la spana.

Kwenda tulikwenda salama. Tukampakia mama yule pamoja na nesi wake, tukageuza. Wingu lilikuwa limeshika upande wote wa Meatu. Tulipofika kwenye korongo, maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mzee Shigela akatoa gia ya tatu, akatafuta ya pili. Injini ikaunguruma, gari likasimama katikati ya maji.

"Mayu, mkono umelegea," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Haushiki kitu."

Nesi akainua kichwa kule nyuma. "Fundi, mtoto amelala vibaya. Siwezi kusubiri gari lingine."

Nikashuka, nikalala majini chini ya gari. Waya wa kuingizia ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Niliubana mara mbili, ukatoka mara mbili. Bushi ya plastiki, kipete kilicho ndani ya ncha yake, ilikuwa imepasuka, pale pale nilipoilazimisha kwa plaizi. Maji yalianza kunifika masikioni. Juu ya kichwa changu nilimsikia mama yule akilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake.

Waya wa kuchagua ulikuwa mzima. Nikapiga kelele, "Mzee, zima injini! Kanyaga klachi, uvute mkono kushoto na usiuachie!" Kisha nikaushika mkono mdogo wa giaboksi, ule wenye kigololi, kwa vidole, nikauvuta. Ukateleza. Nikaukamata kwa kitambaa, nikavuta tena kwa nguvu zote. Ikagonga: ka! Gia ya pili.

Nikatambaa kutoka chini ya gari. "Washa. Achia klachi polepole. Kuanzia hapa usiguse gia mpaka hospitali."

Gari lilitetemeka, likataka kuzima, likapanda ukingo. Nilikimbilia mlango likiwa linatembea. Njia nzima tulikwenda na gia hiyo moja, Mzee Shigela akipiga honi bila kukoma, na wachungaji wakiswaga ng'ombe pembeni wakitulaani. Mama yule alifanyiwa upasuaji. Yeye na mwanawe walipona.

Kesho yake nilimweleza Fundi Mkuu yote. Alipima pengo lile kwa kidole chake.

"Ulilijua kabla gari halijatoka?"

"Nililijua."

"Mimi nisingekupiga kofi kwa kuchelewesha gari," akasema. Tulichonga kipande cha bamba, tukaisogeza braketi, tukaweka bushi nyingine. Safari hii waya ulikaa kwenye kigololi kwa kusukumwa na kidole gumba. Hicho ndicho kipimo: waya unaohitaji nguvu haujakaa.

Nimestaafu sasa, naishi Ipililo na mashamba yangu. Siku ya kuniaga, Meneja alisimama akasimulia habari za korongo lile, namna nilivyolala majini nikaokoa watu wawili. Watu walipiga makofi na vigelegele. Niliomba nafasi ya kujibu, nikawaambia ukweli, kwamba mama yule asingekwama mle kama ningemaliza sentensi yangu. Meneja akainamisha uso, akasema taratibu, "Na kama mimi ningemwacha aimalize."