Jiko la Kutoa Makaa

Shemsa binti Idd alikuwa na ombi moja tu mwaka ule wa sabini na moja: hita ya gesi, ndogo, ya kutia chumbani juu, alikolala yeye na mumewe na mtoto wao huku vioo vya dirisha vikiganda barafu kwa ndani. Kwa ndani, nasema. Asubuhi aliikwangua barafu kwa ukucha kabla ya kumvisha Nunu nguo za shule, na Nunu akikohoa kikohozi cha mtu mzima. Aliomba kwa upole, ingawa hela za hita zilikuwa jasho lake mwenyewe, maana mwanamke akitaka kutumia hela zake hulazimika kuwa mpole zaidi.

Nyumba yao ilikuwa Bordesley Green, kitongoji cha mji wa viwanda katika nchi ya Waingereza, katika mtaa wa nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ahmada, mumewe, alipakia mizigo katika ghala moja kule Nechells. Alikuwa mwema kwa namna ya watu waogopao makelele: kwake aliyesema mwisho ndiye aliyekuwa na haki. Na aliyesema mwisho nyumbani mle siku zote alikuwa mama yake.

Mama huyo, Bi Jokha, aliletwa kutoka Unguja baada ya kufiwa na mumewe, akapewa chumba cha mbele, cha chini. Alikuja na chetezo chake, kile chombo cha udongo cha kufukizia udi, amekizungushia kanga na kukipakata safari nzima. Sitasema alizaliwa mbaya. Alikuwa na nyumba yake, na watu wa kuwatuma, na mashoga wa kupiga nao soga, kisha akajikuta na chumba kimoja katika nchi ya mvua. Uchungu wake ulitafuta wa kumwangukia, na aliyekuwa karibu ni mkamwana.

Shemsa alifanya kazi kiwanda cha skrubu. Mafuta ya mashine yalimwingia kwenye nywele na kwenye kucha, na sabuni ilishindwa nayo. Jioni alipofungua mlango tu, Bi Jokha alitoka na chetezo kinafuka, akamfuata nyuma mpaka chini ya ngazi, akifukiza kila alipokanyaga.

"Pisheni," alisema taratibu, kama atangazaye mgeni wa heshima. "Pisheni, harufu ya kiwanda inapita."

Nunu, aliyeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza tu, alikaa kwenye ngazi akicheka. Alidhani ni mchezo. Shemsa alipanda juu kwenye barafu yake, akalia na koti mwilini.

Makaa ya chetezo yalitoka katika meko ya zamani ya ukutani, kule chumba cha mbele. Mwezi wa Novemba matofali ya meko ile yakaporomoka. Ahmada akasema sasa lazima kinunuliwe kitu cha kupasha nyumba joto, na kitakuwa kimoja, kwa hela za Shemsa. Jumamosi wakaenda wote kwa Gurnam, Kalasinga aliyezaliwa Nairobi na kuuza majiko na vyombo vikuukuu karibu na reli.

"Mama, hii ya gesi nzuri sana," Gurnam alimwambia Bi Jokha kwa Kiswahili chake cha Nairobi. "Unawasha, unakaa, hakuna kazi."

"Inatoa makaa?"

"Makaa? Hapana, mama. Hii joto tu."

"Joto tu," Bi Jokha alirudia, kama aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi. Akaonyesha hita ya mafuta ya taa. "Na hii?"

"Hii joto na harufu."

"Harufu ninayo nyumbani," alisema, bila kumtazama Shemsa.

Nyuma kabisa palikuwa na jiko la chuma la kuni, jeusi, zito, lenye mlango mdogo na miguu iliyopinda. Bi Jokha aliufungua mlango, akainama, akachungulia ndani kama mnunuzi wa mbuzi akaguaye meno. Gurnam akakunja uso.

"Mama, mimi nasema ukweli. Mtaa yenu kuni imekatazwa. Council, serikali ya mtaa, hawataki moshi. Ukichoma mbao, watu wa council watakuja."

"Council wataujuaje moto wangu?"

Shemsa akajitosa. "Mama, mtoto anakohoa. Juu kuna barafu."

"Joto hupanda juu, mwanangu. Si umesoma wewe?" Kisha Bi Jokha akamgeukia mwanawe, na safari hii sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. "Ahmada, nikifa huku, sanda yangu mtaifukiza kwa makaa gani? Nisitiwe kaburini bila udi, baba. Nakuomba."

Ahmada akalilipia jiko la kuni.

Joto halikupanda juu. Bi Jokha alifunga mlango wake na kuziba upenyo wa chini kwa kanga ili lisitoroke. Ahmada alileta kutoka ghalani mbao za makasha yaliyovunjika, nyingine bado zina rangi, na moshi wake ulikuwa mzito, wa kuwasha macho. Ulizitia masizi nguo alizoanika Bhanumati, jirani yao, yule aliyemkalisha Nunu baada ya shule na kumlisha chapati. Bhanumati alilalamika uani, mara ya kwanza akicheka, mara ya pili hakucheka.

Januari Nunu akalazwa hospitali kwa kifua. Aliporudi, Shemsa alikwenda kwa mkwewe, akapiga magoti sakafuni, akaomba yeye na mtoto walale karibu na jiko mpaka baridi ipungue.

"Mtoto alale kwangu," alisema Bi Jokha. "Wewe utakitia harufu chumba."

Basi Nunu akahamia chini. Shemsa alibaki juu, akisikia mwanawe anacheka kwenye joto lililonunuliwa kwa hela zake, na hapo moyo wake ukawa jiwe. Alimchukia yule mzee chuki safi, isiyochanganyika na kitu. Siku moja, akienda kazini, aliingia kwenye kibanda cha simu, akawapigia council, akawatajia mtaa na nyumba.

Akaja bwana mmoja mpole, akafuta viatu mlangoni, akatazama bomba la moshi, akasema jiko lile lisiwashwe tena. Ahmada akalitoa, likachukuliwa na wakusanya vyuma chakavu. Nyumba nzima ilijua ni nani aliyeshitaki: si Bhanumati, aliyekuwa akilalamikia nguo zake? Bi Jokha alisimama uani akamtukana juu ya ukuta, matusi ambayo yule mama hakuyaelewa lakini aliyapata. Shemsa alikuwa jikoni akikata vitunguu. Alisikia yote, akaendelea kukata. Toka siku ile Bhanumati hakumwita tena Nunu kula chapati.

Sasa aliyesema mwisho alikuwa Shemsa. Alinunua hita ya gesi, ikafungwa chumbani juu, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Bi Jokha aliachiwa blanketi na chupa ya maji ya moto. Baridi iliyofuata ikamtoa huko chini. Alipanda ngazi akishika ukuta, akaja akakaa mbele ya hita, mikono imenyooshwa. Shemsa akainuka, akafungua dirisha wazi kabisa.

"Natoa harufu, Mama," alisema.

Kila alipopanda, dirisha lilifunguliwa. Nunu alikuwapo, kwenye zulia, akitazama. Bi Jokha alivumilia kadiri alivyoweza, kisha hakupanda tena. Kabla baridi haijaisha, kifua kikamchukua, akafia hospitali.

Wanawake wa Kizanzibari walikuja kumwosha. Mmoja alishika chetezo mkononi, akauliza, "Makaa yako wapi?" Ahmada alisimama nje ya mlango akilia kwa sauti, na hita ya gesi ikanguruma juu, ikitoa joto tu. Sanda ikakunjwa bila udi. Shemsa alipata raha. Nasema raha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ilimkaa tumboni siku nyingi kama chakula kilichomvimbia.

Alihamia chumba cha mbele, akateremsha hita. Jioni moja alirudi kutoka kiwandani, mvua imemloanisha, mikono imekufa ganzi, akitamani kitu kimoja tu, kukaa pale mbele ya moto wake. Nunu alikuwa kwenye zulia akisoma. Aliinua kichwa, akanusa, akaweka kitabu chini. Akaenda dirishani bila hasira wala haraka, akalifungua wazi kabisa, baridi ikaingia. Kisha, mtoto ambaye maisha yake yote hakuwahi kumjibu mamake kwa Kiswahili, akatamka kwa sauti ya upole, kwa lafudhi safi ya Unguja:

"Pisheni, harufu ya kiwanda inapita."

Shemsa akabaki amesimama mlangoni na koti lake, asijue akae wapi.