Zuhura na Sauti Zetu za Jikoni

Tangu asubuhi naandika na kufuta. Zuhura, yule dada wa Elerai aliyekuwa akija kwangu na kinasa sauti kwenye kimfuko cha kitenge, ametutoka. Aliugua siku chache tu. Mpaka napata wa kumwachia watoto, walikuwa wameshamzika.

Kwa msiomjua: alikuwa anasoma chuo, anatafiti jinsi sisi akina mama tunavyoongea na watoto nyumbani. Nilianza kama data yake, nikaishia kuwa rafiki yake.

Siku ya kwanza alikuja hapa mtaani kwetu Sekei na dodoso. "Unaongea lugha gani na mtoto?" Nikaweka tiki kwenye Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Kimeru, lugha yetu ya nyumbani, nikakiruka.

Akacheka. "Mama Sifa, mtaa mzima mmejibu hivyohivyo. Mlikaa kikao?"

Dodoso sikuliona tena. Alisema kwenye fomu watu hujibu wanavyotaka waonekane, kwa hiyo afadhali akae nasi. Akakaa kweli. Anachambua maharage, anabeba mtoto, kinasa sauti kinaning'inia msumarini.

Siku ya kwanza ya kurekodiwa nilivaa gauni la kanisani. Akaniambia, "Leo umenisomea taarifa ya habari. Kesho naomba Mama Sifa mwenyewe."

Mama mkwe naye: "Huyu anarekodi nini, kwani hapa kuna kwaya?"

"Shikamoo bibi. Narekodi ukimgombeza mkweo."

"Basi utajaza hiyo mashine."

Zuhura alikuwa na sharti lake. Hakuna sauti inayoingia kwenye kazi yake kabla mwenyewe hajaisikia na kukubali.

Ndipo akanisikilizisha rekodi ya siku mwanangu Sifa alipokuwa na homa. Nambembeleza kwa Kimeru, Kiswahili kinaingia katikati, mara "sorry baby", narudi Kimeru. Na mimi ndiye niliyemkataza mama mkwe asiongee Kimeru na mtoto, kwa sababu mwalimu wa chekechea alisema kitamchanganya.

Nikamwambia, "Hiyo futa."

"Nafuta. Ila niambie kwanza, ulichagua kuongea hivyo au ilikuja yenyewe?"

Swali hilo mpaka leo linanisumbua kila ninapomnyamazisha mdogo wake Sifa. Zuhura akaifuta mbele ya macho yangu.

Halafu akanieleza kwamba zamani wataalamu waliona kama kila lugha ina chumba chake kichwani. Siku hizi wengi wanaangalia mtu anavyochota kote kwa pamoja. "Sitafuti kosa lako," alisema. "Nataka kujua tu unafanyaje."

Juzi mwenzake wa chuo amenipigia. Anataka kumalizia kazi ya Zuhura, na zipo rekodi zangu tatu ambazo sijazisikia. Akaomba nimpe ruhusa kwa simu.

Nikasema aje nazo, tusikilize kwanza.

"Mama Sifa, ratiba imebana sana."

"Na mimi nina mtoto anayenyonya, kaka yangu. Utakuja."

Amekubali, Jumamosi. Mama wenzangu mliorekodiwa, akiwapigia msiseme ndiyo kabla hamjasikia. Zuhura alituahidi, na ahadi hiyo haikuzikwa naye.

Zuu, nakiri naogopa kitakachosikika humo. Kuna siku nilimfokea Sifa vibaya, na wewe ulikuwepo. Lakini safari hii sifuti kitu. Ile ya homa nilikufanya uifute kwa aibu, na mtoto wangu hatakuja kuisikia kamwe.

Mama mkwe nimemwambia aongee na mjukuu wake anavyotaka. Mwalimu akiuliza, nitamjibu mimi.

Katika rekodi hizo najua na wewe umo, unataniana na bibi huku unaosha vyombo vyangu. Hapo nitamwomba kaka wa watu aniachie nakala.

Lala, dada yangu, upumzike salama.