Malkia Niliowakata Rughenda

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa viatu vipya na kitenge cha misa, maana nilidhani kazi ni ya ofisi. Chef wa rucher, yaani msimamizi wa mizinga, alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa suruali ya mtu mnene na kofia yenye wavu wa usoni.

"Masika, bureau njo hii," akasema, akionyesha mizinga saba nyuma ya jiko la chama chetu cha wakulima, mtaani Rughenda, Butembo. "Na batu ba bureau beko bakali."

Si wote waliokuwa wakali. Tuliishi ukuta kwa ukuta na majirani, kwa hiyo Chef alikuwa amechagua kwa miaka mingi uzao wa nyuki wapole, na malkia, mama wa uzao huo, alikaa mzinga wa tatu. Monsieur le Directeur, mkuu wa chama, aliyeogopa nyuki kuliko askari, alikuwa ameshasema kwamba jirani mmoja akiumwa vibaya, mizinga yote itaondoka. Tungepoteza uzao ule, basi rucher ingekwisha.

Nyuki wakijaa mzingani hujigawa. Malkia mzee huondoka na nusu ya kundi, na wanaobaki humlea mpya katika kijumba kirefu cha nta kinachoning'inia kama karanga isiyomenywa. Sisi tulivikata vijumba hivyo mapema ili kundi lisihame. Lakini Chef alikuwa na sharti moja: kwanza utafute mayai. Malkia anayejiandaa kuruka huacha kutaga ili awe mwepesi, kwa hiyo usipoona yai, weka kisu chini, maana vijumba hivyo huenda ndivyo pekee vitakavyowapa malkia.

Asubuhi moja Chef alikwenda kwa seremala. Nikafungua mzinga wa tatu, nikakuta vijumba kumi na kimoja. Nilitaka sana anisifu. Nikakata vyote bila kutafuta yai hata moja, nikawarushia kuku, nao wakafurahi kuliko mimi. Sijamaliza kufunga nikasikia akina mama wakigonga sufuria nyuma ya ukuta, kama walivyozoea kufanya ili kutuliza kundi linalohama. Malkia alikuwa ameshatoka kabla sijafungua. Kundi lilining'inia chini ya ubao wa camion, lori la jirani yetu Papa Hamisi, lililojaa viazi na abiria wa kwenda Beni.

Chef alirudi akanikuta nimesimama na kisu mkononi.

"Uliona mayai mbele ya kukata?"

"Hapana, Chef."

Alikaa juu ya ndoo. "Donc mama amekwenda, na bale banabaki habana kitu ya kulea." Kisha akaenda kwa jirani. "Papa Hamisi, tafazali, usiwashe moteur."

Papa Hamisi aliinama, akalitazama lile kundi, akainuka. "Bamama, mushuke. Tutangoja. Hawa nabo beko mu safari."

Abiria walinung'unika mpaka jua likawa kali. Chef alinyunyiza maji ili nyuki wasiruke, akawafagia polepole ndani ya mzinga mtupu wenye masega. Siku chache baadaye malkia akaanza kutaga humo. Chef alichukua sega moja lenye mayai yake, akaliingiza katika mzinga wa tatu, ili yatima wamlee malkia mwingine. Wiki zile sikulala vizuri, na kila asubuhi niliogopa kufungua. Mwishowe nikaona humo mayai ya malkia mpya, membamba, yamesimama wima. Nilipiga ishara ya msalaba nikiwa na glavu.

Lakini malalamiko ya abiria yalikuwa yamefika ofisini. Monsieur le Directeur akaja, akiwa ameshasikia pia kwamba vijumba vilikatwa, akasimama mbali.

"Nani alikata?"

"Ni mie, Monsieur le Directeur," Chef akajibu.

Mimi nilikuwa pale, nimeshika bomba la kufukizia nyuki moshi, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nikanyamaza. Mwezi huohuo Chef akapelekwa mbali, Kamango, kama adhabu, kufundisha wakulima, kazi ambayo hakuiomba, nami, kwa kukosekana mwingine, nikashika nafasi yake. Baadaye nikawa Chef mwenyewe huko Beni, commune ya Ruwenzori, na watu wakanisifu kwa uangalifu. Kila waliponisifu niliona aibu.

Ninyi mnaoanza, tafuteni mayai kwanza. Na mkikosea, semeni siku ileile, maana mimi nilingoja hadi siku ya kustaafu.

Siku hiyo Directeur mpya alihutubu kwamba sikuwahi kupoteza mzinga. Chef, mzee sasa, alikuwa ametoka Kamango na mke wake, Mama Kahindo, wamekaa mbele wakila ndizi. Nikasimama.

"Muzinga wa tatu wa Rughenda, ni mie nilikata. Chef alibeba kosa yangu. Bakamutuma Kamango juu yangu."

Chef akamaliza kutafuna, akajifuta mdomo, akamwonyesha mke wake kwa kidole gumba.

"Mais Masika, huyu nilimupata Kamango. Unafikiri ningemupata wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka, naye Mama Kahindo akampiga begani. Mimi nililia, kwa sababu namjua mzee yule. Hata pale, mbele ya watu wote, alikuwa ananifunikia kosa tena.